Kishikwambi Kilichomzika Minza

Tangu nirudi Morogoro, kila anayekuja kunisalimia anauliza swali lilelile: hivi vishikwambi vinafaa au havifai? Nikianza kujibu vizuri, nafika mahali nanyamaza, na mgeni anadhani nimechoka. Nimeona niandike yote mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, mimi niendelee na shughuli zangu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mradi mmoja wa pamba ulitaka kujua kama uachane na madaftari. Nilikabidhiwa kishikwambi kidogo, ukubwa wa kitabu cha sala, ambacho msimu uliopita kilitumika kuandikisha wakulima mkoani Simiyu. Nilitakiwa nipite nacho Sola, Nkololo na Kalemela, nizirudie kaya zilezile, halafu niseme uzuri wake na ubaya wake. Kwenye daftari langu nilipiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto uzuri, kulia ubaya.

Morogoro hadi Maswa

Basi letu la usiku liliharibika mbele ya Singida. Fundi alifuatwa mjini, na sisi tukakaa kando ya barabara kuanzia asubuhi hadi jua lilipoanza kuinama. Hapo kishikwambi kilinifurahisha. Ramani yake ilifanya kazi bila mtandao, ikanionyesha jina la kijiji tuliposimama, wakati hata kondakta hakulijua. Chaji ilishuka kidogo sana. Hakikuwa kizito mkononi. Upande wa kushoto ukajaa haraka.

Jirani yangu alikuwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge anayeishi Bariadi. Alinipa chapati na yai, akakitazama kile kitu mapajani mwangu.

"Hicho ndicho kilichopita kwetu kuandika watu?"

"Ndugu yake," nikasema.

"Mimi nilikataa kupigwa picha. Kitu kinachokukumbuka bila kukujua, sikitaki nyumbani kwangu." Kisha akacheka. "Kula yai, dada, litapoa."

Ili nipitishe muda nikaanza kumwandikia mwanangu barua. Niliandika "Mpendwa", na kabla sijaendelea, kishikwambi kikaniwekea neno la pili: *marehemu*. Nikalifuta. Nikaandika "Baba yako na" nacho kikaleta tena: *marehemu*. Nilijua sababu. Kitu hiki hujifunza maneno ya aliyekitumia kabla yako, na karani wa msimu uliopita aliandika neno hilo mara nyingi. Hata hivyo barua ile sikuimaliza.

Sola

Sola nilikaa siku mbili. Watu walikuwa mashambani wanaandaa maeneo ya pamba, kwa hiyo nilifanya kazi juani, na ubaya ukaanza kujitokeza. Kwenye jua kali kioo kinakuwa cheusi. Huoni fomu. Unajiona wewe, uso mweusi usio na macho, na nyuma yako anga. Mzee mmoja niliyemwonyesha jina lake alitazama, akarudi hatua moja nyuma.

"Huyu si mimi," akasema.

"Ni kivuli chako, baba. Sogea huku kwenye kivuli cha nyumba utaona maandishi."

"Nimeona inatosha."

Tatizo kubwa lilikuwa vidole. Mwisho wa fomu mkulima mwenyewe anatakiwa kugusa kisanduku cha kukubali. Mikono ya Sola ni ya jembe. Ngozi ya vidole imekuwa ngumu na kavu, na kioo hakiitambui. Mama mmoja aligonga kisanduku hadi nikahofia atakipasua.

"Kimenikataa," akawaambia wenzake.

"Mpe kidole cha mumeo," mmoja akadakia.

"Cha mume wangu hata mimi hakinigusi vizuri!"

Wakacheka hadi wakakaa chini. Nami nikacheka, kisha nikafanya kosa ambalo nalisema hapa kwa sababu linahusu yaliyofuata: niligusa mimi kwa niaba yake. Nikamgusia na aliyefuata. Hadi jioni nilikuwa nimewakubalia watu kumi na mmoja kwa kidole changu, na kishikwambi hakikuuliza hata mara moja kidole kile ni cha nani.

Walinikaribisha michembe iliyochemshwa na karanga. Viazi vile vilivyokaushwa vina utamu wa moshi, na ukitafuna unanyamaza. Nilihitaji kunyamaza.

Maswa hadi Bariadi

Mvua ilinichelewesha Maswa nusu siku. Nilipofika Bariadi nilipokelewa na bwana shamba aitwaye Masunga, mtu mrefu, mcheshi, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata akila. Yeye ndiye angeniendesha kwa pikipiki na kunitafsiria Kisukuma pale Kiswahili kitakapokwama.

"Orodha inafungwa Jumamosi," akaniambia. "Aliyeandikwa vibaya, mbegu na dawa hapati. Na shamba la mkataba linahamia kwa mrithi aliyetajwa kwenye fomu. Baada ya Jumamosi kuna kesi, hakuna fomu."

Ilikuwa Jumatano.

Nkololo

Alhamisi tuliondoka asubuhi. Udongo mweusi ulishika matairi, tukawa tunashuka na kukwangua kwa kijiti. Kaya ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya mjane aitwaye Minza. Kwenye kioo jina lake lilikuwa la kijivu, na mbele yake neno *marehemu*. Mrithi: Nkwabi, shemeji yake, mdogo wa mumewe. Chini kulikuwa na picha ndogo ambayo haikuonekana kwa sababu ya mwanga.

"Twende tuhakiki kwa watoto," nikasema. Ramani ikatuongoza. Tulipita majaruba ya mpunga, tukapita ua wa minyaa, tukaacha njia kabisa. Kengele ndogo ikalia mkononi mwangu na kioo kikaandika: *Umefika.*

Tulikuwa tumesimama mbele ya kaburi.

Lilikuwa karibu na zizi, limepangwa mawe kuzunguka, na msalaba wa saruji usio na jina. Nyumba ilikuwa ng'ambo, kama hatua sitini. Masunga alivua kofia. Nikakinga kioo kwa kanga yangu, picha ikaonekana: ni kaburi lilelile, mawe yaleyale.

"Mwadila," sauti ikatusalimia nyuma yetu.

"Mwadila, mayu," Masunga akajibu kwa heshima anayopewa mwanamke mtu mzima, bila kugeuka haraka.

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mzigo wa kuni kichwani. "Mnamtafuta nani hapo?"

"Tunatafuta nyumba ya marehemu Minza," nikasema.

Alituangalia mmoja mmoja. Akashusha kuni taratibu.

"Minza ni mimi," akasema. "Aliyelala hapo ni mama mkwe wangu, Holo. Nani amewaambia nimekufa?"

Nikamgeuzia kishikwambi. Hakujua kusoma vizuri, lakini jina lake alilijua, na picha aliijua. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo lilibadilisha safari yangu yote.

"Ndiyo maana Nkwabi ameleta ng'ombe tangu juzi."

Alinyoosha mkono. Ukingoni mwa shamba lake, maksai wanne walikuwa wamefungwa nira, wamesimama kimya, na mwanamume aliyevaa shati jeupe ameketi juu ya jembe la kukokotwa anasubiri. Nkwabi alikuja alipotuona. Alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, mtu wa maneno laini.

"Mimi sikuandika kitu," akasema. "Niliitwa ofisini nikaambiwa mrithi ni wewe. Kimeandika chenyewe."

"Na hukuwaambia niko hai, shemeji? Asubuhi tu umekunywa uji wangu."

"Niliwaambia. Wakasema kwenye mashine umekufa. Nibishane na mashine?"

Chini kabisa ya fomu nikaona alama ya kipaza sauti. Karani alikuwa amerekodi mahojiano, kama alivyotakiwa. Hili nilikuwa nimeliweka upande wa kushoto, kwenye uzuri: kishikwambi kinatunza sauti, na daftari halitunzi. Nikagusa.

Sauti ya kijana mwanamume ikatoka: "Mama yupo?"

Sauti ya mtoto ikajibu kwa Kiswahili cha shuleni: "Mama alikufa. Amelala pale, karibu na zizi."

"Nipeleke nipaone." Kisha nyayo, jogoo, na ukimya.

Masunga akajipiga paja kwa mshangao. "Bebe! Huyo karani si mtu wa huku." Akanigeukia. "Dada, kwa Kisukuma aliyekuzaa ni *mayu*. *Mama* ni bibi. Alimuuliza mtoto kuhusu bibi yake, na mtoto akamjibu ukweli."

Basi hivyo ndivyo Minza alivyozikwa: kwa neno moja ambalo kila mmoja alilitumia sawasawa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Minza alikuwa ameinamisha kichwa. "Rudia," akasema. Nikarudia. Kati ya jibu la mtoto na nyayo kulikuwa na kikohozi. Kikohozi kifupi, kikavu, kinachomalizika kwa mguno mdogo, kama mtu anayekubaliana na jambo. Kilikuwa karibu na kipaza sauti. Nilikuwa nimekisikia mara ya kwanza bila kukijali.

"Huyo nani?" nikauliza.

Minza aligeuka akalitazama kaburi. Nkwabi, mwenye maneno mengi, naye alilitazama. Bintiye Minza, Kwangu, wa miaka kama minane, alikuwa amekuja akasimama nyuma ya kuni. Ndiye aliyejibu maswali siku ile.

"Siku hiyo ulikuwa na nani nyumbani?" Masunga akamuuliza.

"Na Mama."

"Mimi nilikuwa shambani," Minza akasema polepole.

"Si wewe, mayu," mtoto akasema. "Mama."

Karani alipita msimu uliopita. Holo alikuwa ametangulia kuzikwa masika mawili kabla ya hapo. Niliwauliza mara mbili, Minza na Nkwabi, kila mmoja peke yake, na wote walinipa hesabu ileile. Inawezekana karani alikohoa. Inawezekana ni mbuzi. Naandika nilichosikia, na nilichosikia si mbuzi.

Kurudi Bariadi

Fomu ilikuwa imefungwa, na kuifungua kulihitaji mtandao. Nkololo mtandao ulikuja na kwenda kama mtu asiyetaka kuulizwa. Tukarudi Bariadi na matope hadi magotini. Ijumaa asubuhi nikakaa na dada anayesimamia mfumo, kwenye chumba chenye feni mbovu.

"Nakufungulia," akasema. "Ila elewa. Fomu mpya ikitumwa, ya zamani inafutika yote. Picha, ramani, sauti."

"Sauti haiwezi kubaki?"

"Haiwezi. Na haitoki humo, inasikika ndani ya fomu tu. Na lazima aguse mwenyewe. Yule shemeji akilalamika kwamba umemgusia wewe, utakuwa umemzika mara ya pili."

Nilipomweleza Masunga, akaona njia. Alisogeza simu yake karibu na kishikwambi, akarekodi huku mimi nikicheza ile sauti. Tulifanya hivyo mara tatu, mara ya mwisho ndani ya stoo yenye magunia ili kusiwe na kelele. Kisha tukasikiliza simu. Karani alikuwepo. Mtoto alikuwepo. Jogoo alikuwepo, hata nyayo. Kikohozi hakikuwepo.

"Simu yenyewe ya bei rahisi," Masunga akasema. Lakini alifuta zile rekodi zote tatu, moja baada ya nyingine, na kofia yake ilikuwa mkononi.

Siku hiyo nilitakiwa kuwa Kalemela. Nilipiga simu kusema sitafika.

Nkololo tena

Tulifika mchana. Nkwabi alikuwa ameshalima mistari miwili pembeni, akaacha. Ndugu kadhaa wa ukoo walikuwa wamekusanyika kwa sababu habari ya kikohozi ilikuwa imewafikia. Minza alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasubiri nimalize, ndipo akauliza: "Imekuwaje?"

Nikamweleza yote. Kwamba akikubali, atakuwa hai na shamba litabaki lake. Kwamba akikubali, ile sauti itafutika.

Shangazi mmoja wa mumewe akapinga palepale. "Unamfuta mkwe wako kwa ajili ya mbegu?"

"Shangazi, nina watoto wanne," Minza akasema. "Nikibaki nimekufa, watakula nini? Kikohozi?"

Hakuna aliyecheka. Akaomba asikie mara ya mwisho. Nikaicheza, wote wakainama. Kile kikohozi kilikuja mahali pake, na ule mguno. Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

Fomu ilihitaji kwanza shahidi wa familia. Nkwabi akajitokeza bila kulazimishwa, na hilo lazima niliseme kwa haki yake. Aligusa kisanduku kwa ncha ya kidole. Kikawaka kijani papo hapo.

"Tazameni," Minza akasema. "Mara moja tu! Hicho kidole hakijawahi kuonana na jembe, shemeji."

Hapo walicheka, na Nkwabi mwenyewe akaficha mkono mfukoni.

Kisha zamu ya Minza. Kwenye kioo iliandikwa *Niko hai*, na kisanduku mbele yake. Minza akagusa. Hakuna kitu. Akagusa kwa kidole kingine, kisha kingine. Akavijaribu vyote kumi. Akanawa mikono, akapaka mafuta, akafuta, akajaribu tena. Kioo kilibaki cheupe. Nikaona jinsi watu walivyokuwa wanamtazama: kama watu wanaoanza kukiamini kile kitu kuliko macho yao. Shangazi alianza kunong'ona.

Kidole changu kilikuwa karibu sana na kile kisanduku. Nakumbuka hilo. Nkwabi alikuwa anakitazama kidole changu, si cha Minza. Nikauweka mkono wangu mgongoni.

"Haitaki ngozi ngumu," nikamwambia. "Tafuta mahali laini kwenye mwili wako."

Alifikiri. Kisha akageuza mkono wake wa kushoto, akanionyesha upande wa ndani wa kifundo, pale mishipa inapoonekana. Kabla hajauweka, alikiinamia kishikwambi, akazungumza nacho kwa Kisukuma, taratibu, kama unavyomwambia mtu mzima asiyesikia vizuri. Masunga alinitafsiria baadaye: "Mama, toka humo sasa. Hapo ni mahali pangu."

Akalaza kifundo juu ya kioo. Niliona mshipa ukipiga mara moja, mara mbili. Kisanduku kikawaka kijani.

Nkwabi alienda kuwafungua maksai nira.

Bariadi hadi nyumbani

Wenye mradi niliwaambia hivi: vinunuliwe, kwa sababu vinatunza kilichosemwa, na bila ile sauti tusingejua kosa lilipoanzia. Lakini kila karani aende na mtu wa pale anayejua mama ni nani. Fomu isikubali kifo bila watu wazima wawili. Na vinawasoma upesi wasiolima, vinawakataa wanaolima, jambo ambalo kwa mradi wa pamba si dogo. Niliwaambia pia kuhusu wale kumi na mmoja wa Sola. Watarudiwa, na si kwa kidole changu. Hawakufurahi, wala kuhusu Kalemela hawakufurahi.

Hili lingine sikuliandika kwenye ripoti.

Ijumaa ile tulirudi Bariadi jua likiwa bado juu, nikatuma fomu mbele ya Masunga. Mstari wa bluu ulijaa hadi mwisho. Kioo kikaandika: *Kaya imehifadhiwa. Walio hai: watano.* Minza na wanawe wanne. Holo yuko kwenye mstari wake, marehemu, kwa jina lake. Pale ilipokuwa alama ya kipaza sauti palikuwa peupe.

Masunga akampigia Minza simu, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Akamwambia imekwisha, jina lake limekubali, Jumatatu aje achukue mbegu.

"Wabeja," Minza akashukuru. "Mmefanya kazi, mwabeja sana." Lakini simu hakuikata. Tulisikia kuku, na mtoto akisema jambo mbali na simu.

"Kwangu anauliza," Minza akasema, "sasa Mama atakaa wapi?"

Masunga alinitazama. "Mwambie palepale. Karibu na zizi."

"Nimemwambia. Amekwenda kutazama, amerudi." Sauti yake ilishuka. "Anasema pale hayupo."